Kisiwa cha Nyasi Katikati ya Ngano

Msimu wa kulima ulipofika, matrekta ya Basotu, wilayani Hanang, hayakulala. Dereva wa mchana akishuka, wa zamu ya usiku anapanda, injini inanguruma vile vile. Usiku mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtoto wa darasa la tatu alitumwa shambani kumpelekea baba yake chakula, makande katika bakuli la bati lililofungwa kwa kitambaa. Badala ya kumrudisha nyumbani, baba alimpandisha kwenye trekta na kumketisha juu ya sanduku la spana. Taa za mbele zilimulika udongo mweusi, na nyuma sahani za haro zilikuwa zikiukata na kuugeuza. Mara baba akapunguza mwendo. Akavuta mkono wa kuinulia, haro ikapanda juu huku mabonge ya udongo yakidondoka, akakata usukani, akazunguka kitu taratibu, kisha akaishusha haro upande wa pili na kuendelea na mstari wake. Walichokizunguka kilionekana kama kichuguu kikubwa kilichoota nyasi.

“Baba, kile kichuguu kina nini?”

“Si kichuguu. Pale amelala mzee wa watu.”

Hakuongeza neno. Miezi michache baadaye, ngano ilipokomaa na kugeuka rangi ya mchanga mpaka upeo wa macho, pale palibaki doa la kijani, kisiwa cha nyasi ambacho upepo ulikizunguka kama trekta lilivyokizunguka.

Mtoto yule leo ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari huko huko Hanang. Anaamini kwamba usiku ule ndio uliomfundisha kuisoma Frankenstein, miaka mingi kabla hajaishika riwaya yenyewe.

Aliishika akiwa kidato cha tatu. Lilikuwa toleo lililofupishwa kwa wanaojifunza Kiingereza, jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo hazipo. Alilisoma kwa koroboi siku mbili, na kama watu wengi alianza akidhani Frankenstein ni jina la zimwi lenye vyuma shingoni. Vyuma hivyo ni vya filamu ya mwaka 1931, ile aliyoigiza Boris Karloff. Kitabuni havimo. Frankenstein ni jina la ukoo wa Victor, kijana wa Geneva anayekwenda kusoma chuo kikuu cha Ingolstadt huko Ujerumani. Si daktari wala profesa. Ni mwanafunzi mwenye bidii iliyopita kiasi. Kiumbe anachokiunda hakipewi jina kabisa, tangu ukurasa kinapofumbua jicho mpaka kinapotokomea gizani juu ya barafu.

Kisha likaja zoezi darasani: taja utanzu wa kitabu ulichosoma. Kijana akaandika kwamba ni riwaya ya kutisha, ya makaburi na mizimu, na papo hapo ni riwaya ya sayansi. Daftari likarudi na alama ya kosa na maelezo kwamba jibu ni moja tu. Aliumia. Hakuwa mtoto wa kubisha, lakini alijua alichokisoma, na alijua pia kwamba mahali alipozaliwa vitu hivyo viwili viliwahi kukutana mbele ya macho yake, taa za trekta zikimulika kaburi.

Leo hii yeye ndiye anayesahihisha madaftari, na swali lile bado analo.

Ili kulijibu anaanza na mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa kitabu kuhusu kasri la Otranto. Toleo la pili alilipa jina dogo la hadithi ya kigothiki, na jina likashika. Ndani yake mna kasri kuukuu, njia za chini kwa chini, na dhambi ya babu inayomrudia mjukuu. Waandishi waliofuata waliongeza nyumba za watawa, mishumaa inayozimika na milango inayolia usiku, lakini kiini kilibaki kile kile: mambo ya kale yaliyozikwa vibaya hayakai chini. Bunilizi ya kisayansi hutazama upande wa pili. Inauliza itakuwaje iwapo binadamu atapata uwezo ambao leo hana, na nani atabeba matokeo yake. Mwaka 1973 mwandishi wa Uingereza Brian Aldiss alitoa hoja kwamba utanzu huo ulianza na Frankenstein, kitabu kilichotoka Januari 1, 1818, nakala 500 tu, bila jina la mwandishi. Si wote waliomkubalia, ila tangu hapo hakuna anayeandika historia ya utanzu huo akaruka jina la Mary Shelley.

Msomaji mwenye haraka ataona kwamba Mary alichota kidogo huku na kidogo kule, kama mtu anayechanganya unga wa mahindi na wa mtama. Mwalimu hakubaliani na picha hiyo. Unga ukichanganywa unaweza kuulizwa kila aina ni kiasi gani. Katika riwaya hii huwezi kuuliza hivyo, kwa sababu kila tendo la kisayansi ndani yake linatendeka kaburini. Victor anataka kujua uhai unatoka wapi, na hatua yake ya kwanza ni kushuka kwenye vyumba vya maiti na kukesha akitazama nyama inavyooza. Anakusanya mifupa. Anachukua vipande kutoka vyumba vya kupasulia na machinjioni. Maabara yake ni chumba cha juu kabisa cha nyumba aliyopanga, kimetengwa na vingine, na humo ndimo usiku mmoja wa Novemba, mvua ikigonga madirisha na mshumaa ukikaribia kwisha, jicho la njano linafumbuka. Mvua, mshumaa na chumba kilichojificha ni vyombo vya kigothiki vyote hivyo. Anayevitumia ni mwanafunzi wa kemia.

Naye ameifikia kemia kwa njia ndefu. Utotoni Victor alisoma vitabu vya Cornelius Agrippa na Paracelsus, wataalamu wa kale waliotafuta dawa ya kuzuia kifo. Kisha akaona radi ikiupiga mti mkubwa ukabaki kisiki na vipande vya mbao, akaelezwa habari za umeme. Chuoni profesa mmoja anaidharau elimu yake ya zamani. Mwingine, Waldman, anamwambia kwa upole kwamba wazee wale ndio waliowawekea wapya msingi. Kwa Victor uganga wa kale na sayansi mpya havigombani, vinapokezana kijiti.

Mary hakuhitaji kutunga kila kitu. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alichapisha majaribio yake ya kuifanya miguu ya vyura waliokufa iruke kwa umeme. Januari 1803 mpwa wake, Giovanni Aldini, alifanya onyesho London juu ya maiti ya mtu aliyekuwa amenyongwa muda mfupi kabla. Taya lilitetemeka, uso ukajikunja, jicho moja likafumbuka. Mary alikuwa na umri wa miaka mitano, naye aliishi mji huo huo. Mwalimu huwasomea wanafunzi habari ya Aldini, halafu bila kusema lolote anawasomea ile ya chumba cha Victor. Darasa hunyamaza jicho linapofika.

Kaburi pia Mary alilijua kwa karibu kuliko waandishi wengi wa hadithi za kutisha. Mama yake, Mary Wollstonecraft, mwandishi mashuhuri aliyetetea haki za wanawake, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797. Mtoto alikua akizuru kaburi la mama huko St Pancras, na inasimuliwa kwamba alijifunza herufi za jina lake pale, kwa kuwa jina kwenye jiwe lilikuwa lake pia. Mwaka 1815, akiwa na miaka 17, alijifungua binti kabla ya wakati. Mtoto akafa baada ya siku chache. Machi mwaka huo aliandika katika shajara yake kwamba ameota mtoto amerudi, kwamba alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua mbele ya moto akaishi. Aliamka, mtoto hayupo. Mwalimu huifikia habari hii akiwa amepunguza sauti. Kwake hapa ndipo tanzu mbili zilipoungana kweli, katika kichwa cha mama kijana anayetamani joto lingetosha kumrudisha mtoto. Tamaa ya Victor ilikuwa imeshakaa kifuani mwa mwandishi wake kama huzuni.

Halafu kuna mlima. Aprili 1815 volkano ya Tambora huko Indonesia ililipuka, majivu yakapanda angani na kuzunguka dunia. Mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi; mvua na baridi viliharibu mazao, njaa ikaingia. Juni 1816 Mary, Percy Shelley, Lord Byron, Claire Clairmont na tabibu kijana John Polidori walijikuta wamefungiwa na mvua katika nyumba iitwayo Villa Diodati kando ya Ziwa Geneva. Walikuwa wakisoma hadithi za mizimu za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, na Byron akapendekeza kila mmoja atunge yake. Wakati huo huo mazungumzo ya usiku yalihusu umeme na asili ya uhai. Mizimu na umeme mezani pamoja, na nje mvua iliyoletwa na mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona.

Sehemu nyingine mwalimu angelazimika kuchora ubaoni ili aeleweke. Hanang hana haja. Mlima uliopoa uko mbele yao, na Ziwa Basotu wanakochota maji na kuwaogopa viboko limekaa katika shimo lililoachwa na volkano. Na tangu Desemba 3, 2023, mlima huo ulipoporomosha tope, mawe na magogo mpaka Katesh na kuua zaidi ya watu 80, hakuna mwanafunzi wa hapa anayehitaji kuambiwa kwamba mlima unaweza kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Mwalimu alisita kuifundisha sehemu ya Tambora mwaka ule. Wanafunzi wenyewe ndio waliotaka waendelee.

Kwa Kiswahili wana cha kulinganisha. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mzimuni, hofu inatanda, na mpelelezi Bwana Msa anakuja na akili yake tulivu. Anauliza, anapima, anaunganisha. Mwishoni mkono uliotenda ni wa binadamu, na mzimu unabaki mahali tu. Ann Radcliffe wa Uingereza alifanya kitu cha jamii hiyo katika riwaya zake za kigothiki za miaka ya 1790: kila kivuli kilipata maelezo kabla ya kitabu kufungwa. Mary Shelley aligeuza njia hiyo. Kwake akili haiji kuufukuza mzimu, inauzaa. Kadiri Victor anavyoeleza kwa utaratibu, tarehe kwa tarehe, ndivyo hofu inavyozidi, kwa kuwa hakuna Bwana Msa atakayekuja kusema kwamba halikuwa jambo la kutisha.

Waandishi wetu wengine walizigusa njia hizi kila mmoja upande wake. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anampakia mhukumiwa katika chombo cha kumpeleka kifoni na kumfikisha kwenye dunia nyingine, yenye mpango mwingine wa kuishi. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, anamleta marehemu kumhoji mjukuu aliyenona kwenye madaraka. Mmoja kachukua chombo, mwingine kachukua mfu. Mwalimu ana hamu ya kumwona mwandishi wa Kiswahili atakayevichukua vyote viwili, tena kwa makusudi.

Lakini jambo lililomfanya aanze kuandika kumbukumbu hizi lilisemwa na mwanafunzi, binti wa Kibarbaig anayekaa dawati la nyuma na kunyoosha mkono mara chache.

“Samahani mwalimu. Ile mifupa aliyoichukua Victor, ilikuwa ya akina nani? Wenyewe waliulizwa?”

Mwalimu alifungua kitabu, safari hii toleo kamili, na darasa zima likaanza kutafuta. Sura ya nne inataja makaburi, inataja vyumba vya maiti, inataja uchovu wa Victor na uso wake uliopauka. Jina la mfu hata mmoja halimo. Kengele ililia wakiwa bado wanapekua.

Historia inatoa jibu ambalo Victor halitoi. Kuanzia mwaka 1752 sheria ya Uingereza iliruhusu maiti za wauaji walionyongwa zipasuliwe na wanafunzi wa utabibu. Hazikutosha, basi wezi wakawa wanafukua makaburi mapya usiku na kuuza. Mwaka 1832 ikatungwa sheria nyingine iliyowapa matabibu maiti za watu wasio na wa kuwadai, wengi wao mafukara waliofia kwenye nyumba za maskini. Msomaji wa London wa mwaka 1818 alipoona neno mifupa alijua vema ni mifupa ya tabaka gani. Hofu ya kigothiki katika kitabu hiki, basi, ilikuwa na anwani mtaani.

Na nyanda za Basotu zilikuwa na zake. Wabarbaig, watu wa jamii ya Wadatoga, humzika mzee aliyeheshimika kwa mazishi makubwa yanayoweza kuchukua takriban miezi tisa, na juu ya kaburi hujenga kilima cha udongo na miti kinachoitwa bung'eda. Watu huja pale kuzungumza na aliyetangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 nyanda hizo zilichaguliwa kwa kilimo kikubwa cha ngano chini ya shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Canada. Yakaanzishwa mashamba saba, ardhi ipatayo ekari 100,000, ambayo wafugaji walikuwa wakiitegemea kwa malisho. Baadhi ya makaburi hayo yalilimwa pamoja na nyasi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua sehemu kubwa ya hukumu. Kumbukumbu za kesi hizo bado husomwa na wanafunzi wa sheria za ardhi.

Mwalimu ni mwangalifu hapa, kwa sababu ada yake ya shule ililipwa na trekta. Anakumbuka kombaini ya kwanza aliyoiona ikitema ngano, mkondo wa punje uliomeremeta juani, na furaha ya watu wazima waliokuwa wamesimama foleni za mkate miaka ile ya shida. Hawezi kusema mashine zile zilikuwa ubaya mtupu, na anasema Mary Shelley naye hakuandika hivyo kuhusu kemia. Waldman ni mtu mwema. Walton, nahodha anayeelekea ncha ya kaskazini, na ambaye barua zake ndizo zinazobeba hadithi nzima, ana kiu ile ile ya kujua, na mwandishi anampenda. Kosa limewekwa mahali mahususi sana: kiumbe kinafumbua jicho, kinanyoosha mkono, na Victor anakimbia.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katikati ya riwaya kiumbe kinapewa nafasi ya kusimulia chenyewe, hadithi ndani ya hadithi kama katika Alfu Lela U Lela. Kimejificha kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba ya mzee kipofu na wanawe, kinawachanjia kuni usiku bila wao kujua, kinajifunza lugha yao kwa kusikiliza ukutani. Kinasoma Milton na Plutarch. Kipofu anakipokea kwa heshima. Wenye macho wanakipiga. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mfugaji, aliandika katika insha yake kwamba hiki si kiumbe cha kutisha, ni ndama aliyekataliwa na mama yake. Mwalimu alimpa alama zote, kwa kuwa ameona wazee wakikesha na ndama wa namna hiyo.

Jumamosi iliyofuata siku ya swali la mifupa, mwalimu alikwenda kumjulia hali baba yake. Mzee macho yamemwisha nguvu, anakaa barazani na redio. Mwalimu alimwamkia, akaketi, akamsimulia kitabu chote: barafu, chumba cha juu, jicho, kipofu. Kisha akamwuliza kile ambacho hakuwahi kumwuliza. Usiku ule, gizani, alijuaje pa kuinua haro?

“Nilipita mchana kwa miguu,” alisema mzee. “Nikamwuliza mama mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa akichunga pale. Akanionyesha. Yalikuwa matatu upande ule. Nikafunga kitambaa kwenye fimbo, nikazichomeka.”

“Kumbe uliuliza.”

“Sasa ningejuaje?”

Akapapasa redio, akaipunguza sauti. Akataka kujua kama yule kijana wa Ingolstadt alirudisha mifupa ya watu. Mwalimu akamwambia hakurudisha. Alianza kuunda kiumbe cha pili, cha kike, katika visiwa vya Orkney, akakirarua kabla hajakimaliza, akavitia vipande kwenye kikapu pamoja na mawe na kuvizamisha baharini usiku.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaomba asomewe hapo penye kikapu, polepole, kwa Kiswahili.